MWAMBA KWANZA, UFITO BAADAYE
Safari ya uvuvi katika Kisiwa cha Mafia



Kisiwa cha Mafia kiko katika Bahari ya Hindi, mbele ya midomo ya Mto Rufiji. Ni wilaya moja ya Mkoa wa Pwani. Ukitoka bara unaweza kupanda chombo Nyamisati, ukateremka Kilindoni. Kilindoni ndio mji wa wilaya. Watu wa Mafia wanaijua bahari. Wanavua kwa nyavu, kwa madema na kwa mishipi. Mshipi wa mkono wameurithi kwa babu zao.

Siku hizi utaona kitu kingine mikononi mwa vijana wa pwani. Ni ufito wa kiwandani, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kigurudumu hicho huitwa rili. Kijana hujinyima, akaweka akiba, akanunua. Baada ya wiki mbili ufito umevunjika. Au rili imeshika kutu. Au mshipi wote umebaki mwambani. Fedha imekwenda, na kitoweo hakuna.

Mara nyingi kosa hufanyika dukani. Mnunuzi huanza kwa kuchagua ufito. Anaupenda kwa sababu unang'aa. Kisha ndipo anatafuta mahali pa kuutumia. Huko ni kuanzia mwisho. Anza na mahali utakapovulia. Halafu mfikirie samaki wa mahali hapo. Samaki atakuambia mshipi gani unafaa. Mshipi utakuambia rili gani. Ufito uwe wa mwisho.

Kwa hiyo leo hatutaanzia dukani. Tutazunguka Mafia kwanza. Wewe unayekaa Tanga, Kilwa, Lamu au Pemba, tazama kama pwani yako inafanana na mojawapo ya pwani hizi.

KILINDONI: MCHANGA NA MAJANI

Kilindoni iko upande wa magharibi wa kisiwa. Upande huu unaitazama bara. Bahari yake si ya kina kirefu. Maji yakipwa, mchanga hutokeza mbali sana, na vyombo hulala ubavu. Chini kuna mchanga na majani ya baharini. Mwamba ni mchache.

Hapa samaki huja na maji. Maji yanapojaa, changu na samaki wengine wadogo huingia kwenye majani kutafuta kaa, kamba na konokono. Maji yanapopwa, nao hutoka. Kwa hiyo ukivulia pwani, fika maji yanapoanza kujaa.

Mahali kama hapa hapahitaji vifaa vizito. Mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.35 au 0.40 unatosha. Mshipi wa milimita 0.40 huweza kubeba kilo 10 hivi kabla ya kukatika. Viwanda hutofautiana kidogo, basi soma karatasi iliyobandikwa. Ukikuta uzito umeandikwa kwa ratili, kumbuka kwamba ratili 10 ni kama kilo 4 na nusu.

Rili ndogo na ufito mwepesi wa mita 2 na nusu hadi 3 vitakufaa. Chubwi iwe nyepesi. Chambo kiwe kamba, ngisi au kipande cha pweza. Pweza ni mgumu, hang'oki upesi kwenye ndoana.

Jambo moja la kusema kabla hatujaondoka Kilindoni. Kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huonekana karibu na pwani hii. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Lakini yeye hula vijidudu na vijisamaki vidogo sana anavyochuja majini. Hana shida na chambo chako. Ukimwona, kunja mshipi wako mpaka apite, usije ukamfunga nao.

GHUBA YA CHOLE: UFITO UNAPOSHINDWA NA KIDOLE

Kutoka Kilindoni barabara inakwenda kusini mashariki hadi Utende, mwendo wa kilomita 14 hivi. Ukifika Utende unaiona Ghuba ya Chole. Mbele yako kuna visiwa vya Chole na Juani. Kusini zaidi kuna Jibondo. Visiwa na miamba vinaizuia bahari kubwa, lakini maji huingia na kutoka kwa nguvu katika mlango wa Kinasi.

Eneo hili lina sheria zake. Mwaka 1995 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Ilikuwa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 822. Si mahali pote ndani ya hifadhi ambapo unaruhusiwa kuvua. Kuna sehemu ambazo haziguswi kabisa, hata kwa ndoana moja. Ofisi ya hifadhi iko Utende. Pita hapo uulize kabla ya kufungua mshipi. Nje ya hifadhi pia, uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya yako kuhusu leseni. Kuuliza ni bure, na kunyang'anywa vifaa ni ghali.

Katika ghuba utawaona wavuvi wa ngalawa. Mvuvi amekaa, ameshika mshipi mkononi. Mshipi umepita juu ya kidole cha shahada. Chubwi iko chini, karibu na matumbawe. Samaki akigusa chambo, kidole kinajua. Mvuvi mzoefu anaweza kutambua kama ni changu anayeuma kwa nguvu au ni samaki mdogo anayechokoa chambo tu.

Je, mvuvi huyu anahitaji ufito? Maoni yangu ni kwamba hahitaji. Ngalawa ni nyembamba, ina matengo pande zote mbili. Ufito mrefu hugonga tanga, hugonga mtengo, humgonga mwenzako. Tena mvuvi wa ngalawa yuko juu ya samaki wake. Hana haja ya kurusha mbali. Anateremsha mshipi chini, basi. Mshipi wa mkono hauna rili ya kushika kutu wala pete za kupasuka. Ukikatika, hasara ni ndogo. Ukimkuta mvuvi wa Jibondo anavua namna hii, usimwone kuwa amebaki nyuma. Amechagua kifaa kinachofaa mahali pake.

Ubaya wa mshipi wa mkono ni vidole. Samaki mkubwa akikimbia, nailoni hukata nyama. Vaa glavu, au vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, ukivivika vidoleni. Na usiuzungushe mshipi kwenye kiganja hata kidogo. Kolekole mkubwa akivuta, mkono ukiwa umefungwa, mtu anaweza kutoka ngalawani pamoja naye.

Ufito wa chomboni una maana ukiwa na mashua pana au boti ya mashine, na unakwenda nje ya miamba kutafuta nguru na jodari. Hapo watu hukokota chambo nyuma ya chombo. Ufito wake ni mfupi na mnene, mita 1.7 hadi 2. Kwa nini mfupi? Nitaeleza tukifika dukani.

UFITO NI WA ASIYE NA CHOMBO

Sasa tumfikirie mtu mwingine. Ni kijana asiye na ngalawa, au mama anayekaa karibu na mwamba, au mzee ambaye hawezi tena kuvuta tanga. Samaki wako mita 40 kutoka aliposimama. Mkono wake hauwezi kutupa chambo mbali hivyo kila mara. Mtu huyu ndiye anayehitaji ufito. Ufito unamsaidia mambo mawili. Unarusha chambo mbali. Pia unainua mshipi juu, usisugue kwenye ukingo wa mwamba wakati samaki anavutwa.

Lakini tusidanganyane. Ufito wa pwani haumpi mtu shehena ya kupeleka mnadani. Unaweza kumpa kitoweo cha nyumbani na siku nzuri samaki mmoja wawili wa kuuza. Usikope fedha nyingi kununua ufito ukitumaini kulipa kwa samaki.

RAS MKUMBI: MWAMBA NA BAHARI KUBWA

Ras Mkumbi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, kupita kijiji cha Bweni. Pana mnara wa taa wa kuongozea meli. Hapa pwani imebadilika. Mwamba wa matumbawe ya kale umeganda kuwa jiwe. Ni mkali kama kisu. Upande wa mashariki hakuna kisiwa cha kuzuia mawimbi. Bahari Kuu ndiyo inayopiga.

Pwani ya namna hii ndiyo inayovunja fito za watu, basi tukae hapa kidogo.

Simama mbali, juu, mahali pakavu. Usitupe mshipi bado. Tazama bahari kwa muda wa robo saa. Mawimbi huja kwa makundi. Utaona madogo mengi, kisha yanakuja makubwa matatu au manne. Mahali palipokuwa pakavu huloa ghafla. Jiwe lililoloa usilisimamie. Vaa viatu. Nenda na mwenzako. Usiipe bahari mgongo, hata ukiwa unafunga ndoana. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upande huu huwa mkali, na siku nyingi jambo la busara ni kurudi nyumbani.

Kisha tafuta mahali ambapo maji ya kina yako karibu na mwamba. Rangi itakuonyesha. Maji mepesi juu ya mchanga ni ya kijani kibichi. Kilindi ni buluu iliyoiva. Mahali rangi mbili zinapokutana ndipo samaki wanapopita.

Nani yuko hapo? Yuko kolekole. Kolekole mkubwa aweza kupita kilo 50, ingawa wengi utakaowapata ni wa kilo chache. Akiuma hukimbia sambamba na mwamba. Anataka mshipi wako usugue kwenye jiwe. Yuko chewa. Huyu hakimbii mbali. Akishameza chambo hurudi shimoni mwake, akapanua mashavu na mapezi. Hapo hutamtoa. Kwa chewa, vita ni vya mita mbili za mwanzo tu. Yuko pia mzia mwenye meno kama msumeno, ambaye hukata nailoni kama uzi wa kushonea.

Kila samaki anadai kitu chake. Kolekole anadai mshipi mrefu kwenye rili, mita 200 au zaidi, na breki laini. Chewa anadai mshipi mnene na breki iliyokazwa. Mzia anadai waya, kipande cha sentimita 20 au 30 kati ya ndoana na mshipi.

Na mwamba nao unadai chake. Siku hizi kuna mishipi ya kusuka, yenye nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Ni imara ajabu. Mshipi mwembamba wa kusuka huwa na nguvu ya nailoni nene. Hauvutiki, kwa hiyo unamsikia samaki vizuri. Wauzaji wanausifu, na kwa haki. Lakini ukigusa jiwe huku umekazwa, hukatika mara moja. Nailoni huvutika kidogo, na huvumilia msuguano. Kwa mtu anayeanza kuvua kwenye mwamba, nasema nunua nailoni ya milimita 0.50. Hubeba kilo 15 hivi. Mwishoni ongeza mita moja au mbili za nailoni nene zaidi, ya milimita 0.80 au 1. Kipande hicho kinene ndicho kitakachosugua jiwe. Kila baada ya samaki, kipitishe katikati ya vidole. Ukisikia mkwaruzo, kata, funga upya.

Chubwi hunasa mwambani mara nyingi kuliko ndoana. Usiifunge kwa mshipi wako mkuu. Ifunge kwa kipande cha uzi dhaifu. Ikinasa, uzi dhaifu utakatika, nawe utabaki na ndoana, na pengine na samaki pia. Na badala ya risasi ya kununua, wavuvi wengi hutumia plagi mbovu za pikipiki au jiwe lenye kiuno. Hasara ya plagi mbovu haimlizi mtu.

Ndoana yenyewe ikinasa, usiivute kwa ufito. Huko ndiko fito nyingi huvunjikia. Elekeza ncha ya ufito kule mshipi uliko. Zungusha mshipi kwenye kijiti mara kadhaa, si kwenye mkono. Rudi nyuma polepole ukivuta kijiti, mpaka mshipi uachie au ukatike. Mshipi uliokatika ukiuona, uokote. Kasa hutaga mayai katika Kisiwa cha Juani, na kasa akijifunga nailoni shingoni hawezi kuifungua.

MAJI YA NYUMA

Kuna watu wanaopenda kutembea mpaka ukingoni mwa mwamba wakati wa bamvua. Bamvua huja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa sana na kujaa sana. Tofauti yake hupita mita 3. Mwamba wote huwa wazi, na akina mama huenda kutafuta pweza. Mvuvi mwenye ufito naye husimama ukingoni, akatupa chambo kilindini.

Hatari iko nyuma yake. Kati ya ukingo na pwani, mara nyingi kuna bonde lenye maji. Maji yakianza kujaa, bonde hujaa kwanza. Mvuvi anatazama mbele. Mwamba aliosimama bado ni mkavu. Akigeuka, njia imekwisha. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kuvua, chagua jiwe moja bondeni, nusu yake iko majini. Geuka ulitazame kila mara. Maji yakianza kupanda juu ya jiwe hilo, kunja mshipi, rudi. Samaki akiwa ndio kwanza anauma, rudi vilevile.

Jambo hili pia linagusa uchaguzi wa vifaa. Mtu anayetembea juu ya mwamba achukue vitu vichache. Ufito mmoja, mfuko mmoja wa mgongoni, kisu na maji ya kunywa. Mikono yake iwe tayari kushika.

SASA TWENDE DUKANI

Umeshapajua mahali. Umeshamjua samaki na mshipi. Dukani utakuta rili za aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza bobini yake haizunguki unapotupa. Imesimama, na mshipi hutoka juu yake pete kwa pete, kama uzi unavyochomoka kwenye kigurudumu cha uzi kilichosimamishwa juu ya cherehani. Rili hii huning'inia chini ya ufito. Ni rahisi kujifunza. Hutupa vizuri hata chambo chepesi.

Aina ya pili ina pipa dogo linalozunguka lenyewe, kama gogo la kuvutia ndoo kisimani. Hukaa juu ya ufito. Ina nguvu ya kuvuta kitu kizito moja kwa moja, ndiyo maana hupendwa kwenye boti. Lakini unapotupa, pipa huzunguka kwa kasi. Usipolizuia kwa dole gumba, litazunguka kuliko mshipi unavyotoka. Utapata fundo kama kiota cha ndege. Kwa mtu anayeanza, na anayevulia pwani, chagua aina ya kwanza.

Shika rili mkononi. Zungusha mkono wake polepole, ukiitega sikio. Isikwaruze. Itikise, isilegee. Sasa mwombe muuzaji mshipi kidogo, uufunge, ukaze breki kidogo, uvute. Mshipi utoke taratibu bila kurukaruka. Breki inayorukaruka hukata mshipi, kwa sababu samaki anapovuta hupata mshtuko baada ya mshtuko. Ikiwa una fedha ya kununua kimoja tu kilicho kizuri, nunua rili nzuri na ufito wa wastani. Wengi hufanya kinyume.

Ufito nao una maswali yake. Kwanza, urefu. Chukua ndoo ya maji, iinue kwa kijiti kifupi. Kisha iinue kwa kijiti kirefu, mkono wako ukiwa palepale. Utaona kijiti kirefu kinakuchosha zaidi, ingawa ndoo ni ileile. Ufito ni hivyohivyo. Tuseme kitako cha ufito kiko tumboni, na mkono wako wa mbele uko sentimita 60 kutoka kitakoni. Samaki anavuta ncha kwa kilo 3. Ukiwa na ufito wa mita 3, mkono huo utabeba karibu kilo 15. Ukiwa na ufito wa mita 1.8, utabeba karibu kilo 9. Ufito ukijipinda mzigo hupungua, lakini sheria ni ileile. Ndiyo maana ufito wa boti ni mfupi. Wa pwani hauna budi kuwa mrefu, kwa sababu ya kurusha na kwa sababu ya ukingo wa mwamba. Lakini usizidishe. Kwenye mwamba, mita 3 zinatosha watu wengi. Kwenye fukwe pana zenye mawimbi, ambako lazima urushe kupita povu, mita 3 na nusu hadi 4.

Pili, kitu ulichotengenezwa nacho. Fito nyingi ni za nyuzi za kioo au za nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi na inasikia vizuri. Lakini ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usioonekana, na siku ya samaki mkubwa huvunjika. Nyuzi za kioo ni nzito zaidi, lakini huvumilia kugongwa. Kwa mwamba kama wa Ras Mkumbi, mimi ningechukua nyuzi za kioo bila kufikiri mara mbili. Tena kaboni hupitisha umeme. Usipite na ufito wa kaboni chini ya nyaya za umeme ukiwa umeusimamisha, na radi ikianza kunguruma, uulaze chini uondoke ufukweni. Ufito wowote ulioloa maji ya chumvi ni hatari wakati wa radi.

Tatu, pete. Chukua pamba kidogo, ipitishe ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa. Ufa huo utakula mshipi wako siku ya kwanza.

Mwisho, mwambie mwenzako ashike ncha, uupinde ufito taratibu. Ujipinde kama upinde wa mshale, bila kona. Muuzaji asipokubali ufanye hivyo, nenda duka jingine.

KUPIMA BREKI

Watu wengi hukaza breki kwa kukisia. Kuna njia bora. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia karanga au nyama. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani. Mwenzako aishike. Wewe shika ufito uliopinda, urudi nyuma polepole. Tazama mshale mshipi unapoanza kutoka. Ukiwa na mshipi wa kilo 10, mshale usome kilo 2 na nusu au 3. Ukiwa na mshipi wa kilo 15, usome kilo 4 au 5. Yaani kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi.

Mbona tunapoteza nguvu nyingi hivyo? Kwa sababu fundo hupunguza nguvu. Fundo baya laweza kuondoa hata nusu yake. Pia samaki hurusha kichwa, na mshtuko huo ni mkubwa kuliko uzito wake. Unapofunga ndoana, pitisha mshipi tunduni, uuzungushe wenyewe kwa wenyewe mara tano, rudisha ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni kavu hupata moto inapokazwa, ikadhoofika.

SAMAKI WA KUANGALIA

Ukimpata bunju, yule anayejijaza akavimba kama mpira, mrudishe baharini. Ana sumu kali ambayo haiishi kwa kupikwa, na imeua watu. Tasi ni mtamu, lakini miiba yake ya mgongoni huchoma vibaya. Akikuchoma, loweka mahali hapo katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, usijiunguze. Maumivu hupungua. Kisha nenda zahanati ikiwa pamevimba.

CHUMVI

Ndugu zetu wa maziwa makuu wanaweza kuacha kusoma hapa. Sisi wa pwani tuna adui mmoja ambaye wao hawana.

Ukirudi nyumbani, mimina maji baridi juu ya rili taratibu. Kaza breki kwanza ili maji yasiingie ndani. Usiitumbukize kwenye ndoo, na usiirushie maji kwa nguvu, maana utaisukuma chumvi ndani. Jibondo na mahali pengine ambako maji baridi ni ya shida, kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa chatosha. Futa ufito, futa kila pete. Anika kivulini. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo cha mkono wa rili na kwenye waya unaofunguka. Usitie mafuta kwenye breki.

Kisha legeza breki kabisa. Ndani yake kuna visahani vilivyobanana. Vikikaa vimekazwa usiku na mchana, hushikana, na breki huanza kurukaruka. Tundika ufito ukutani, mbali na watoto na mbali na moto. Kesho kabla ya kutoka, azima tena ile mizani.